Usiku wa Mkokoni

Mara ya kwanza kumwona teja Mkokoni, teja mwenyewe alikuwa wetu. Mjomba alimshusha mashuani kama mtu anavyoshusha gunia lililoingia maji, polepole, akiogopa lisimpasukie mikononi. Ilikuwa Desemba 2013, kaskazi imetulia, na bahari iliyo kati ya Kiwayu na bara imelala kama sahani. Binamu yangu alikuwa na miaka 27. Alivaa jaketi zito kwenye joto lile na meno yalikuwa yanagongana. Bibi alitoka uani, mikono bado ina unga wa mikate, akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akasema, "Mpeni maji." Hakuuliza kitu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mombasa, nimepelekwa kwa bibi kungoja matokeo. Kwa hivyo haya sikusimuliwa, niliyaona.

Kwa asiyepajua, Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilicho bara, Lamu Mashariki, kinatazamana na kisiwa cha Kiwayu. Ukitoka Lamu mjini unapita Mkanda, Pate unaiacha mkono wa kulia, halafu Ndau, halafu Kiwayu yenyewe ndefu kama mkia, na ng'ambo yake ndipo kwetu. Ukiendelea kaskazini unafika Kiunga, na baada ya Kiunga ni mpaka wa Somalia. Jina lenyewe linakuambia: mikoko. Maji yale yako ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979, na watu wanaishi kwa samaki, kamba na kidogo kidogo cha hapa na pale. Mafuta ya boti kutoka Lamu ni hesabu ya kumkosesha mtu usingizi. Weka akilini hilo la mafuta.

Nimesikia mara nyingi watu wa mjini wakisema vijiji vya kule havina dawa za kulevya kwa sababu ni watu wa dini. Ni watu wa dini, ndiyo. Lakini Malindi nayo ina dini, na Mji wa Kale wa Mombasa misikiti imeegemeana bega kwa bega, na huko ndiko unga ulikoota mizizi. Dini peke yake haiwezi kuwa jibu. Tangu Desemba ile nimekuwa nikiuliza: kijiji kinajikinga na nini hasa? Na kinga hiyo ina bei gani, na nani anailipa?

Ulevi si mgeni pwani. Bangi na afyuni vilijulikana zamani, vikipita na mabaharia na wafanyabiashara wa Bahari Hindi, na kufikia mwaka 1913 serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilikuwa tayari imetunga sheria ya kuzuia matumizi mabaya ya afyuni. Tembo la mnazi lipo tangu mnazi upo. Hayo wazee wa kwetu wanayazungumza bila kushtuka. Heroini ndiyo iliyowakuta hawana neno lake. Mwanzoni waliiita dawa tu, au unga, kana kwamba mtu ameenda dukani kununua kilo mbili.

Ilifika pwani ya Kenya miaka ya 1980, ile ya kahawia iliyoitwa brown sugar. Susan Beckerleg, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa sana Watamu na Malindi, ameandika jinsi ilivyoingia miji hiyo ya watalii. Kitu kinachonishangaza kila ninapoyasoma maandishi yake ni kwamba watumiaji wa mwanzo hawakuwa watu waliokata tamaa. Walikuwa vijana wa ufuoni, wenye pesa, wenye marafiki Wazungu, wanaojua Kiitaliano kuliko Kiingereza. Kuvuta brown ilikuwa fasheni. Uliichoma juu ya karatasi ya fedha, ukavuta moshi, ukaonekana mtu wa dunia. Aibu ilikuja baadaye sana, baada ya vitu vya nyumbani kuanza kupotea.

Na Wabajuni walikuwa Malindi. Hapa ndipo historia kubwa inapoingia kwenye nyumba ya bibi. Vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, vilivihamisha vijiji vingi vya Wabajuni vilivyokuwa bara. Watu walikimbilia visiwani, Lamu, Malindi, Mombasa, wakaacha minazi na visima. Bibi alikimbia na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Vita vilipokwisha wengine walirudi, na bibi akarudi, lakini yule mtoto alikuwa ameshaonja mji. Alipokuwa kijana alirudi Malindi, akaoa huko, akafanya kazi za boti, akafia huko. Mwanawe ndiye huyu aliyeshushwa mashuani. Yaani njia aliyopita unga kuifikia familia yetu ilikatwa miaka ya 1960, kabla heroini yenyewe haijafika. Nilipomwambia mjomba hivi alinitazama kama mtu aliyesoma mpaka akapitiliza. "Kwa hiyo shifta ndio waliomvutisha?" Hapana, ami. Lakini kama msingekimbia, asingezaliwa mtaa ule.

(Mjomba ninamwita ami kwa kumsikia binamu yangu akimwita hivyo. Kwake ni ami, ndugu mdogo wa babake. Kwangu ni mjomba, ndugu wa mama. Kwa bibi sote tulikuwa wajukuu na hakuna aliyesahihisha.)

Mwishoni mwa miaka ya 1990 brown ilianza kuadimika na heroini nyeupe ikachukua nafasi. Nyeupe haivutiki vizuri kama kahawia, na hapo sindano zikaingia. Binamu yangu alianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, akiwa na miaka kumi na tisa hivi, na kufikia 2010 alikuwa anajidunga. Desemba ile ya 2010 unga ulikatika pwani nzima karibu wakati mmoja, na watu walioonekana wazima wakaanza kuanguka mitaani na arosto, ile hali ya mwili kudai kitu chake: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma kama inavunjwa. Binamu yangu anasema wiki ile ndiyo alijua kwamba si mtumiaji bali ni mali ya mtu. Unga uliporudi, naye alirudi.

Siwezi kuandika habari za Malindi nikapita bila kuutaja Mradi wa Omari. Ulianza katikati ya miaka ya 1990, wenyeji wa Malindi na Watamu wakishirikiana na marafiki zao Waingereza akiwemo Beckerleg, na baadaye ukawa na nyumba ya kukaa watu wanaotaka kuacha. Mombasa nako Waislamu wa MEWA, jumuiya iliyoanza na mambo ya elimu na ustawi, walijikuta wanahudumia mateja kwa sababu mateja walikuwa watoto wa waumini wao. Jambo lililokuwa jipya kwao wote ni dogo ukilitamka: kwamba teja ni mtoto wa mtu na unaweza kukaa naye chini ukazungumza. Mpaka wakati ule familia zilikuwa na njia mbili. Kumfungia ndani, au kumpeleka mbali.

Mbali ndiko sisi. Visiwani na vijijini kote pwani ukiuliza vizuri utasikia habari ya kijana fulani aliyeletwa kutoka mjini "kupumzika." Watu wa mji wanakiona kijiji kama hospitali ya bure ambayo dawa yake ni umbali. Kijiji kinaona nini?

Usiku ule ule alioletwa, wazee na wanaume wenye boti walikaa barazani kwa mjomba. Nilikuwa ndani nikiosha vyombo na masikio yangu yote yako nje. Mmoja alisema wazi: asikae. Akasema tunda moja linaharibu kapu, na kwamba wao wamelinda watoto wao miaka yote si ili aletewe mtu mlangoni. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na wavulana wanne. Na alikuwa anasema kweli kuhusu kulinda, kwa sababu nilijua wanavyofanya.

Mjomba alikuwa nahodha. Boti yake ilibeba kila kitu: sukari, saruji, mafuta, wagonjwa, maharusi, hata mbuzi wa watu. Miraa hakubeba. Sheria haikuwa upande wake hata kidogo, kwa sababu miraa ni biashara halali Kenya, mtu ana haki ya kununua na kuuza. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha nahodha kupakia mzigo asioutaka. Manahodha wakiwa wachache, wakawa wanaswali msikiti mmoja na wameoleana, basi neno la barazani linatosha. Mzigo hauna miguu. Hakukuwa na bango, semina wala fulana zenye maandishi. Ukiuliza "nani aliyepiga marufuku" hakuna atakayekujibu, manake hakuna aliyepiga. Watu walikataa kubeba, mmoja mmoja, mpaka kukataa kukawa desturi.

Lakini upande wa pili wa kinga hii ni huo uliokuwa ukizungumzwa barazani. Kuna kijiji kingine, sikitaji, ambako kijana alikutwa na bangi akaambiwa na wakubwa wake aondoke, na akaondoka, na habari zake zilizofuata zilitoka Mombasa na hazikuwa nzuri. Kijiji kikabaki safi. Ukihesabu vichwa vilivyobaki, mradi umefaulu. Mji nao ukapata teja mmoja zaidi, na kule mjini kuna mtu anaandika ripoti kuhusu ongezeko.

Mjadala kama huo, kwa sura kubwa zaidi, ulikuwa umetoka tu kuitikisa pwani nzima. Mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano safi kwa wanaojidunga ulipotangazwa, viongozi kadhaa wa dini waliupinga hadharani: mnawapa sindano, mnawabariki. Waliouunga mkono walisema watu wanakufa kwa VVU, na miongoni mwa waliojidunga maambukizi yalikadiriwa kuwa kiasi cha 18 katika kila watu 100, mara tatu hivi ya kiwango cha nchi nzima. Pande zote mbili zilidhani zinakinga. Wa kwanza waliwakinga wale ambao hawajaanza. Wa pili waliwakinga wale ambao wameshaanza. Barazani kwa mjomba hapakuwa na takwimu, lakini swali lilikuwa hilo hilo.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu ni damu ya ndugu yangu. Akiniharibia mtoto wa mtu, mimi mwenyewe nitamrudisha Malindi na sitarudi kuwatazama machoni." Masharti yakawekwa. Hakai peke yake. Hashiki simu. Halali mchana. Wanne kati ya wenye boti watapokezana kutoka naye. Yule mzee mwenye wavulana wanne alikuwa mmoja wao, na sijui kama alijitolea kwa huruma au ili amwangalie kwa karibu. Labda yote mawili.

Arosto ilikwisha siku ya sita au ya saba. Mikate ya bibi ikaanza kukaa tumboni. Sote tukadhani kazi imekwisha, na hapo ndipo tulipokosea. Mwili ukishatulia, usingizi haurudi. Unaweza kukaa wiki nyingi hulali, na usiku ndio wakati ambao akili inafanya hesabu zake: Lamu ni mbali kiasi gani, nani ana boti, nani anamjua nani. Binamu yangu alikuwa akitembea uani kuanzia saa nne ya usiku hadi alfajiri, na bibi akitembea nyuma yake na tasbihi.

Dawa aliipata mjomba bila kujua kama ni dawa. Alimwambia tu, kama hulali, njoo uvue. Wakawa wanatoka magharibi kutega jarife, au kuvua kwa karabai, na kurudi kumekucha. Usiku ukawa na kazi. Mikono inavuta wavu, miguu imeloa, mtu anakuimbia, mwingine anakutukana kwa kuachia kamba mapema. Asubuhi anaanguka mkekani amekufa kwa uchovu wa halali. Ile sharti ya kutolala mchana bibi aliivunja yeye mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Kufikia Machi 2014 alikuwa amenenepa, ana jarife lake mwenyewe alilolishona mwezi mzima, na watoto wa yule mzee walikuwa wakimfuata wamsimulie habari za mpira wa Ulaya.

Mimi niliondoka Mkokoni nikiamini nimeona mtu amepona. Nilikuwa na miaka kumi na nane. Naomba radhi.

Ili kuelewa kilichofuata lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kazi za kijiji zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine kwa muda mrefu, na kila mlango ulifungwa kwa sababu nzuri. Zamani Lamu iliuza boriti za mikoko Uarabuni, majahazi na majahazi. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje. Mikoko ilihitaji kulindwa, sibishi. Wakataji wakahamia baharini. Kisha zikaja hoteli. Karibu na Mkokoni, kwenye mchanga unaotazama Kiwayu, palikuwa na Kiwayu Safari Village, nyumba za makuti za watalii wa bei kubwa, na vijana kadhaa wa kwetu walipata ajira huko. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia, wakamuua David Tebbutt, wakamchukua mkewe Judith hadi Somalia. Aliachiliwa Machi 2012. Hoteli ilifungwa. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, na maji yetu yakawa maji ya vita.

Nikiongeza kitu cha kike hapo katikati: ni huku huku Kiunga na Kiwayu, mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiko kulikoanzia ile kazi ya kuokota malapa yaliyotupwa na bahari na kuyachonga kuwa vinyago vya rangi, ambavyo leo mnaviona vikiuzwa Nairobi kama kobe na pomboo. Wanawake wa kwetu walishika pesa. Nasema hivi kwa sababu historia za vijana kuharibika huandikwa kana kwamba kina mama walikuwa wamekaa wanalia. Nauli za kumfuata binamu yangu Malindi, mara tatu kabla hajaletwa, zilitoka kwenye malapa.

Halafu 2014. Mwaka huo ukiusoma gazetini ni kama magazeti mawili yaliyoshonwa pamoja. Aprili, manowari ya Australia, Darwin, iliikamata jahazi mbali kidogo na pwani ya Kenya ikiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Juni, Mpeketoni ilishambuliwa usiku mbili mfululizo na watu zaidi ya 60 wakauawa. Julai, meli ya Al Noor ilinaswa Mombasa, na heroini iliyopatikana ndani ikatajwa kuwa kilo 377. Agosti meli hiyo ililipuliwa baharini, na rais akautazama mlipuko. Unga ulikuwa ukipita katika bahari kuu kwa tani, na kijijini kwetu mvuvi aliambiwa asitoke usiku. Amri ya kutotembea usiku ilitangazwa Lamu, na hata ilipoondolewa kwa wa nchi kavu, marufuku ya kuvua usiku ilibaki miaka.

Sibezi usalama. Watu walikuwa wameuawa, na barabara ya Hindi kwenda Kiunga baadaye ikatapakaa mabomu ya kutegwa. Lakini fikiria kijiji ambacho samaki wake wazuri wanavuliwa usiku, kinaambiwa kivue mchana. Kipato kikakatika. Vijana wakakaa ufuoni kuanzia magharibi wakitazama bahari waliyoizoea, hawana la kufanya, na msimu wa kusi umeingia. Na ndani ya kijiji hicho kuna mtu mmoja ambaye usiku si suala la kipato kwake.

Alivumilia Julai. Alivumilia Agosti. Bibi akarudi kutembea naye uani. Mwezi wa Septemba alimwambia mjomba anaenda Lamu kununua nyuzi za kushonea wavu, na mjomba, ambaye alijua, alimpa pesa za nyuzi.

Nimewahi kumuuliza binamu yangu moja kwa moja kama ile marufuku ndiyo iliyomrudisha. Alicheka. "We nawe! Nilirudi kwa miguu yangu." Halafu baada ya kimya: "Lakini usiku ulikuwa mrefu." Simwekei maneno zaidi ya hayo.

Kilichomwokoa hakikuwa kijiji. Desemba 2014 Kenya ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Februari 2015 kliniki ya pili ikafunguliwa Malindi, na Mombasa ikafuata mwaka huo huo. Methadoni ni dawa ya maji unayokunywa mbele ya mhudumu; inatuliza ile njaa ya mwili bila kukupandisha, na inadumu kama siku nzima. Binamu yangu alikuwa kati ya watu wa miezi ya mwanzo pale Malindi. Ana kazi sasa, ana mke, ana binti anayemaliza madrasa. Anatengeneza injini za boti. Ukikutana naye hutajua.

Lakini siku nzima maana yake ni siku nzima. Kesho asubuhi lazima awe pale dirishani tena. Watu wa Safari Doctors, shirika alilolianzisha Umra Omar wa Lamu, wanawafikia watu wa vijiji vya mbali kwa boti kila mwezi tangu 2015, na ni kazi kubwa, dunia nzima imeipigia makofi. Ila chanjo inaweza kungoja mwezi. Methadoni haingoji kesho kutwa. Hata kama dirisha lenyewe lingekuwa Lamu mjini, nimewaambia muweke akilini mafuta ya boti. Kwa hivyo dawa ile ile iliyomrudishia maisha ndiyo iliyomfungia njia ya kurudi Mkokoni. Tulimpeleka mbali ili apone, na amepona mahali ambapo mbali hapafikiki.

Mei 2024 nilikuwa kijijini magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka. Redio ilikuwa imewashwa barazani siku nzima. Wazee walifurahi kama timu yao imefunga. Siku chache baadaye mahakama ya Embu ikasimamisha, rais naye akasema marufuku zile hazina nguvu kwa sababu muguka unatambuliwa kisheria pamoja na miraa. Barazani kukawa kimya. Yule mzee wa wavulana wanne, ambaye sasa anatembelea fimbo, akasema, "Wao wana serikali na hawawezi. Sisi tulikuwa na boti." Alisema tulikuwa. Siku hizi boti ni nyingi, na wenye boti si wote wa msikiti mmoja, na pakiti ya muguka inaingia mfukoni mwa suruali. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa nasi, mjukuu wake, alijibu kwa adabu kwamba babu, hata hiyo boti ilikuwa inawabeba watoto wenu kuwapeleka mjini wakaharibike huko. Nilidhani mzee atamkaripia. Alimtazama kidogo, akasema, "Mmoja tulimrudisha." Na kijana akasema, "Miezi tisa."

Walizungumza mpaka isha. Wale vijana wanataka kitu kingine: bei nzuri ya kamba, barafu, ruhusa ya bahari isiyobadilika kila mwaka, na mtu wa kuzungumza naye kabla mambo hayajaharibika, siyo kikao cha wazee baada ya kuharibika. Wazee wanataka manahodha waape upya. Mimi ni wa mjini, nilinyamaza, lakini kama ningeulizwa ningesema wavulana wana haki zaidi, na ningesema pia kwamba mjomba aliponyoosha mkono kumshusha binamu yangu mashuani hakuwa na barafu wala ruhusa ya mtu.

Bibi alifariki Januari 2025, alfajiri, usingizini. Kwetu maiti hakai. Simu ilipomfikia binamu yangu alikuwa njiani kwenda kliniki. Alikunywa dozi yake, akasimama barabarani akihesabu: gari mpaka Mokowe, kivuko, boti, maji kupwa, maji kujaa. Bibi angezikwa baada ya alasiri. Angefika usiku, amekosa mazishi, na kesho yake asubuhi angekuwa Mkokoni bila dozi, na keshokutwa kwenye hitma bila dozi ya pili. Alipiga simu kwa mkewe, kisha kwa mjomba. Mjomba akamwambia, "Usije. Alishakusamehe, na asingetaka uje."

Nilikuwa nimeshika simu ile, mtandao unaingia na kutoka, mjomba amekaa kwenye jiwe la nje ya msikiti na mikono bado ina udongo. Jarife alilolishona binamu yangu mwaka 2014 bado liko darini kwa bibi; mjomba hulishusha kila kaskazi, hulishona panya walipokata, na hulitumia kwa jina la mwenyewe. Binamu yangu aliuliza nani alishuka kaburini, akajibiwa. Akauliza kama watu walikuwa wengi, akaambiwa hata Ndau walikuja. Halafu akauliza, "Ami, usiku mnatoka siku hizi?"

"Tunatoka," mjomba akasema. "Leo hatutatoka. Kesho tutatoka."

"Haya," akasema, na mtandao ukakatika.